Televisheni Saba Zimewashwa

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa chekechea kaniita pembeni leo. Eti mwanangu hasikii! Kasema polepole, kwa sauti ile ya watu wanaoleta habari za msiba. Eti wakimwita hageuki. Eti wiki iliyopita wamemwita mara tano asipite nyuma ya bembea, kapita vile vile, ubao ukamkosa kichwa kidogo tu. Eti akinyang'anywa mwanasesere halii wala hadai arudishiwe. Anatazama ukutani na kusema: "Usiondoke, tunarudi baada ya matangazo."

Hapo nilicheka. Mwalimu hakucheka.

Kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Asipobadilika atamwandikia barua ya kuhamia shule ya watoto wasiosikia, ile iliyo upande wa pili wa mji. Nimemwambia sina ugomvi na shule hiyo, watoto wake ni watoto kama wengine, lakini wangu anasikia. Matangazo anayarudia neno kwa neno, na muziki wake juu! Kiziwi gani huyo? Mwalimu kajibu kwamba kurudia si kuitika. Nimemwona ana kiburi. Nimeondoka bila kuaga vizuri, na wala sijuti.

Ana miaka minne kasoro. Jina la utani tulimpa Chiriku kwa jinsi alivyozaliwa na makelele. Sasa wanataka kuniambia nini?

Jumanne, 4 Machi

Mimi fundi. Kitu kikisemwa kibovu, nakipima kabla sijabishana.

Mchana Chiriku karudi chekechea, kakaa kwenye godoro lake chini ya benchi kama siku zote. Nikasimama nyuma yake. Nimeangusha bisibisi sakafuni — kageuka. Nimefungua pakiti ya biskuti — kageuka kabla sijamaliza kuifungua, na mkono kashanyoosha. Nikamwita. Wapi! Nikamwita kwa sauti zaidi. Nikamwita jina lake rasmi, la kwenye cheti. Wapi! Macho yako kwenye zile TV rafuni, na si kwamba anazitazama. Amezikodolea tu, kama mtu anayesubiri basi.

Nikakaa kwenye stuli. Tangu nimzae hajawahi kuniita. Neno "mama" analijua, analitamka hata, lakini kwa sauti ya yule mwanamke wa tamthilia ya saa nane. Si mimi ninayeambiwa. Hili sijamwambia mtu yeyote.

Nimempigia baba yake, yuko njiani na lori. Kasema mtoto atachangamka tu, hata yeye alichelewa kusema. Hawa wanaume! Wote walichelewa kusema, na walipoanza hawakuwa na la maana.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali. Mpimaji wa masikio ni mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, hana haraka. Kamvalisha Chiriku hedifoni, kampa vibao vya mbao na ndoo: kila akisikia mlio, atie kibao kimoja. Kavitia vyote! Hata ule mlio wa mwisho, ambao mpimaji mwenyewe alisema ni hafifu mno. Nilitaka kusimama nipige vigelegele. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyompa mwalimu vidonge vyake.

Halafu mpimaji kauliza: nyumbani kuna sauti gani?

Nimemwambia ukweli, kwa nini nifiche. Tunatengeneza televisheni, mimi na baba yangu. Duka mbele, vyumba viwili nyuma, ndiko tunakolala. TV ikishatengenezwa inakaa rafuni imewashwa kutwa nzima, na sauti yake, tuone kama ugonjwa utarudi. Baba huita kuchemsha. Rafu inachukua saba.

Mpimaji kaacha kuandika. Saba kwa pamoja? Ndiyo. Kila moja na chaneli yake? Ndiyo. Na mtoto anashinda humo tangu lini? Tangu ana wiki sita.

Kasema hawezi kuniapia kwamba sababu ni hiyo peke yake, watoto hawafanani. Ila masikio ni mazima. Na mtoto aliyezungukwa na watu wanaosema kutwa, bila hata mmoja kusema naye, anaweza kuzoea kwamba sauti ya mtu si kitu cha kuitikia. "Hajakataa kukusikia, mama," kaniambia. "Hajui tu kwamba unasema naye." Nipunguze kelele. Niiname mbele yake, nimtazame, niseme, kisha nisubiri. Nisubiri kweli, sio kidogo.

Njia nzima ya kurudi nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Mimi ndiye niliyekuwa najisifu kwa wateja: mwanangu hanisumbui nikiwa kazini, mwone alivyotulia.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimepambana na Baba. Wateja wanamwita Mzee Waya, na hakuna fundi mjini asiyemjua. Miaka arobaini kwenye benchi lile lile. Kanilea peke yake tangu mama afariki, kanifundisha kulehemu nikiwa na miaka tisa, na ndugu zake walipouliza mtoto wa kike atafanya nini na waya, kawaonyesha mlango. Kwa hiyo kumpinga si jambo dogo. Lakini nimempinga!

Nimemweleza yote ya hospitali. Kasikiliza akinitazama mdomoni, kisha kasema TV isiyochemshwa na sauti haijatengenezwa, na duka hili halijawahi kutoa TV ambayo haijatengenezwa. Nikamwambia tupunguze basi. Kakataa. Spika za siku hizi dhaifu, anasema, ukipunguza hutasikia ubovu. Ni kweli kila mwaka anapandisha sauti kidogo. Siku hizi wateja wanaingia wakipiga kelele tangu mlangoni.

"Na wewe umekulia humu humu," kaniambia. "Mbona umegeuka?"

Nimekulia humu, ndiyo, lakini enzi hizo TV ilikuwa moja, na nyumba ilikuwa na mama anayeniita. Nilimjibu hivyo hivyo, kavu. Kachukua kofia yake katoka. Potelea mbali. Jumatatu nitafanya langu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya langu!

Alfajiri, kabla Baba hajaamka, nimefungua TV zote saba. Nimechomoa waya za spika, mahali pake nimeweka rezista. Mashine inahangaika vile vile, inapata moto vile vile, ila hakuna anayesikia kitu. Chemsha mpaka uchoke! Nikafunika na kupanga rafuni. Vinywa saba vinasema, kimya. Baba kaingia, kaangalia, kashika rimoti moja, kabonyeza, kabonyeza tena. Nikamwonyesha nilichofanya. Kwa ufundi hakuweza kukikosoa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kaenda kukaa mlangoni.

Saa sita na nusu Chiriku karudi. Kasimama katikati ya duka. Katazama rafu, katazama mimi, kaziba masikio kwa mikono yote miwili, halafu kaangua kilio! Kilio cha hofu kabisa. Nimembeba karibu saa nzima, namsemesha, ananisukuma uso. Kinyozi wa jirani kaja kuuliza kama kuna aliyeungua. Baba kule mlangoni, najua alichokuwa anawaza. Nilikaribia kurudisha spika. Nasema kweli, bisibisi ilikuwa mkononi.

Saa tisa hivi katulia. Kinyozi kawasha mashine yake upande wa pili wa ukuta, ile ya kunyolea, ziiii. Chiriku kainua kichwa. Kanitazama — mimi, machoni — kaniuliza: "Nini?"

Swali! Swali lake la kwanza, na kaniuliza mimi. Nikamwambia ni mashine ya kinyozi. Kafikiri. Kauliza tena: "Nini?" Nikamjibu tena. Kaniuliza mara kumi na nne, na zote nimemjibu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda kununua vipuri, nimerudi spika zote ziko mahali pake, TV saba zinanguruma. Chiriku chini ya benchi, macho yake yale yale ya zamani.

Nilipayuka. Nilisema maneno ambayo binti hamwambii babake, na sitayaandika. Mwisho tumekubaliana hivi: asubuhi, mtoto akiwa chekechea, yeye achemshe na sauti apendavyo, afunge TV na kuiandikia SAWA mgongoni kwa chaki. Kuanzia saa sita ni kimya, na kimya ni kimya. Kakubali huku ameangalia pembeni. Nimeomba radhi kwa yale maneno. Kwa kuzima sikuomba.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeinama mpaka kiuno kinauma. Kila nikitaka kusema naye nashuka chini, uso kwa uso, nasema, nasubiri. Wateja wanaona nimechanganyikiwa. Mmoja kaniuliza nimepoteza skrubu gani.

Jana kasema "sitaki". Leo kasema "nipe", halafu "hiyo", halafu kamwambia kinyozi "toka". Kinyozi kafurahi kama kapewa zawadi, katoka, kaingia tena ili atolewe tena.

Na saa kumi na robo nimesimama nyuma yake nikamwita, kawaida tu, bila kupandisha sauti. Kageuka!

Nimeingia chumba cha nyuma nikalia. Baba kaniuliza nini, nikamwambia moshi wa kulehemu.

Jumatatu, 17 Machi

Mwalimu kakiri kuna mabadiliko. Kakiri kwa shida, lakini kakiri. Hataki kuandika chochote kwa kumwona asubuhi tu, kasema, kwa hiyo Ijumaa atamleta Chiriku mwenyewe mpaka dukani, akae, aone anavyoshinda. Akiridhika, barua haitaandikwa. Nikamwambia karibu sana, na safari hii niliaga vizuri.

Ila leo pia kuna hili. Msusi wa barabara ya pili karudisha TV yake, amefura. Sauti inakwaruza, wateja wake wanamlalamikia. Baba kanigeukia mbele yake: unaona sasa faida ya kimya chako? Nikameza. Nikadhani kweli nimeharibu.

Tukaiwasha. Inakwaruza ovyo! Spika imepasuka, mtu yeyote angejua ndani ya dakika moja. Kinyozi kapiga kelele kutoka kwake: hiyo tena? Kasema aliisikia Ijumaa asubuhi nzima kupitia ukuta, akadhani tumewasha kwa makusudi.

Ijumaa asubuhi. Mimi nilikuwa nimeenda kununua vipuri, na asubuhi ni zamu ya Baba. Nikageuza TV nikaangalia mgongoni. SAWA, kwa chaki, mwandiko wake.

Nimeweka spika mpya, nimemwomba msusi samahani, nimesema kosa ni langu. Kabla sijaibadilisha, Baba alikuwa kaegemeza sikio kwenye TV ile inayokwaruza, anakubali kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Saa nane umeme ulikatika mtaa mzima. Chiriku kalala. Baba yuko kwenye benchi, anasafisha saketi karibu na dirisha. Sijawahi kusikia duka kimya vile.

Nikasimama nyuma yake. Sikutaka. Lakini mimi fundi.

Nimeangusha bisibisi. Nimeita "Baba". Nimeita tena. Nimepiga makofi, kofi moja kavu. Aliendelea kupiga brashi ile saketi, taratibu, safi, kazi nzuri kabisa.

Nikazunguka mbele nikamwambia. Nilimwambia kwa upole, naapa. Kwanza kacheka. Kisha kakasirika: masikio haya ndiyo yamekulisha, ndiyo yamekusomesha. Nikamwambia ndiyo, Baba, na yamechoka, na yule mpimaji ni mtu mzuri, twende. 

"TV zikiwaka, kila mtu hapa anapiga kelele," kasema. "Nikisema 'unasemaje?' hakuna anayeshangaa. Ukizima, wataniona."

 Yaani miaka yote hii! Nilidhani ni heshima ya kazi. Na ilikuwa heshima, tena kubwa kuliko nilivyofikiri. Nimemshika mkono, kauacha kidogo, halafu kauchukua.

Umeme ukarudi saa kumi. Kainuka kaziwasha yeye, zote saba, na sauti. Sikumzuia. Chiriku kaamka kaziba masikio.

Alhamisi, 20 Machi

Haongei na mimi. Chakula kala peke yake dukani. TV zimewaka toka asubuhi mpaka tunafunga, mchana mzima, makubaliano yamekufa. Nimemtoa Chiriku tukakaa kwa kinyozi, tukahesabu vichwa.

Jioni Chiriku kamwita babu yake mara moja, kutoka mlangoni. Hajajibiwa. Sijui aliona nini usoni mwake, lakini hakumwita tena.

Nampenda Baba. Naandika nisije nikasema sikuandika. Na aibu yake naijua, naibeba pamoja naye, nitamtetea kwa mteja yeyote atakayethubutu kucheka. Lakini ukuta anaojifichia umejengwa juu ya kichwa cha mwanangu. Hapana! Mtoto hawezi kulipia. Kesho saa sita nazima, zote, kwenye swichi kuu ya rafu, na nitasimama hapo hapo. Atukane, atoke, anifukuze. Nitazima.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika haraka nyuma ya kaunta. Mwalimu bado yupo. Sijui kama nitaweza kuusoma mwandiko huu.

Saa sita kasoro dakika tano nilimwendea Baba mbele, nikainama kama ninavyomwinamia Chiriku, nikamwambia: nazima. Alinielewa.  Kachukua pasi ya kulehemu, kageukia benchi, kanipa mgongo. Nikaenda kwenye swichi kuu ya rafu nikashusha. TV saba zikafa pamoja. Nikabaki nimesimama na mgongo kwenye swichi, yeyote asiiguse.

Mwalimu kaingia na Chiriku. Hodi yake ya taratibu, ya mtu aliyezoea watoto. Nimemkaribisha. Chiriku kavua viatu, kaenda kwenye godoro. Mwalimu hakutaka kiti. Kasimama karibu na mlango, nyuma ya mtoto, na nikajua anafanya nini, maana hata mimi nilifanya vile vile. Kamwita, chini chini hasa. Nilikaribia kuitika mimi.

Chiriku kageuka. "Naam."

Naam! Hilo sikumfundisha. Labda ni la chekechea. Labda ni la TV, sijui, sijali.

Mwalimu katabasamu, kafungua daftari lake, kaandika kitu kifupi. Halafu, kwa adabu tu, kamgeukia Baba. "Habari za kazi, mzee?" Baba analehemu. Mwalimu kasubiri. "Mzee, habari za kazi?" Duka kimya, hata saa ya ukutani inasikika. Mwalimu kanitazama. Niliona macho yake yanatoka kwangu, yanaenda kwa Baba, yanarudi, na kalamu imesimama. Na mimi sikusema kitu! Mimi niliyeapa jana kumtetea. Nilisimama na swichi mgongoni. Ningeweza kuipandisha. Dakika moja tu na kelele zingemfunika.

Sikuipandisha.

Chiriku ndiye kainuka. Kaenda mpaka kwenye stuli, kamvuta babu yake shati.

"Babu, unaitwa."

Baba katazama chini, kamtazama yeye, midomo yake. Kauliza: "Unasemaje?" Kwa sauti kubwa mno, ile ya TV zikiwaka. Mwalimu kashtuka. Chiriku hakushtuka. Kapanda kwenye sanduku la vipuri, sasa yuko sawa na uso wake, na amemshika mashavu. Anamwambia tena. Baba bado ana pasi ya kulehemu mkononi, inatoa moshi, na hajaiweka chini, na hajamsukuma mtoto.